Kipandio cha Saba

Tuseme ukweli bila kumsengenya mtu: Mwalimu hakuwa mwongo. Alidanganya mara moja tu, juani, kwa dakika nne, tena kwa sababu ya aibu. Mara nyingine zote alikuwa anarudia. Lakini ndiyo hivyo, maji yakishamwagika hayazoleki, na uongo wa mtu anayeaminiwa hauhitaji kusukumwa. Unakwenda wenyewe.

Alikuwa amefundisha historia sekondari kwa miaka thelathini na miwili. Alipostaafu alikaa nyumbani miezi mitano na kochi, redio na picha ya marehemu mkewe ukutani, akaona huko anakokwenda siko. Ndipo mwenzake wa zamani alipomwambia kwamba kuna meli ya watalii inatafuta mtu wa kuwaeleza abiria habari za visiwa. Akaandika barua, akaitwa, akaenda. Tangu hapo kila mwaka alisafiri siku tisini, visiwa kumi na vinne, na kazi yake ilikuwa moja: siku moja kabla ya kila bandari, saa kumi alasiri, anasimama ukumbini na picha zake na kuwaambia watu kesho watakanyaga nini. Meli nzima, kuanzia nahodha mpaka waosha vyombo, walimwita Mwalimu, na yeye alilipenda jina hilo kuliko lile alilopewa na wazazi wake.

Na kazi aliijua, jamani, tusimnyime haki yake. Kisiwa cha tatu kilikuwa na mtaa uliotandikwa mawe meusi, na kisiwa chenyewe hakina jiwe jeusi hata la dawa. Mwalimu aliwainamisha abiria wayashike yale mawe, kisha akawaeleza: zamani meli zilikuja pale tupu, na meli tupu huyumba, kwa hiyo zilijazwa mawe tumboni huko zilikotoka. Zikifika, mawe yanatupwa gatini na shehena inapakiwa. Wenyeji wakaona mawe ya bure, wakajitengenezea mtaa. Kisiwa cha sita kilikuwa na nyumba ya karantini, walikofungiwa mabaharia wagonjwa, na ukutani kulikuwa na mistari ya mkaa ya kuhesabu siku, arobaini, arobaini, arobaini, isipokuwa kwenye kona moja ilipoishia kumi na saba. Pale Mwalimu hakusema kitu. Aliwaacha wahesabu wenyewe.

Sasa kisiwa cha tisa. Hicho kilikuwa kidogo, bandari yake imekufa zamani, meli inatia nanga nje na abiria wanaletwa kwa mashua. Mashua zinafunga chini ya ukuta wa gati, na watu wanapanda ngazi ya mawe yenye vipandio kumi na viwili. Sita vya kwanza vinafuata ukuta. Kwenye cha saba ngazi inapiga kona, halafu vitano vilivyobaki vinakwenda juu moja kwa moja. Na hicho cha saba, pale konani, kina kibonyeo kirefu kiasi cha mtu kuweza kulaza mkate ndani yake. Vingine vyote havina.

Safari yake ya kwanza kabisa, miaka sita nyuma, mashua zilichelewa kuja kuwarudisha. Watu arobaini walisimama gatini, jua linawachoma, wameanza kununa. Abiria mmoja akauliza, tena kwa nia njema, kwa nini kipandio kile kimelika peke yake. Mwalimu hakujua. Hakuwa amesoma popote. Lakini mtu aliyesimama mbele ya ubao miaka thelathini na miwili anaweza kukiri dhambi zake zote isipokuwa neno moja, nalo ni "sijui". Akakohoa kidogo, akaanza kusema kwamba zamani palikuwa na mke wa baharia. Mumewe aliondoka na hakurudi. Mke akawa anakuja kila jioni, anasimama pale pale, anatazama bahari, miaka arobaini, mpaka jiwe likaisha chini ya nyayo zake.

Watu walitoa leso. Meneja wa matembezi, mwanamke mchangamfu anayecheka hata akiwa amekasirika, alimpiga begani na kumwambia kuwa hayo ndiyo mambo watu wanayoyataka, siyo mawe ya kuzuia meli isiyumbe. Na kando ya ukuta alikuwepo mtembeza wageni wa pale kisiwani, bwana mwenye kofia ya majani, ametega masikio yote mawili.

Mwaka uliofuata Mwalimu aliikuta hadithi yake imenenepa. Yule mke alikuwa na kitambaa cha kijani. Mwaka wa tatu vitambaa vya kijani vilikuwa vinauzwa gatini. Mwaka wa nne maharusi walikuwa wanakuja kupigwa picha wamesimama pale, na bwana wa kofia ya majani alimsimulia Mwalimu mwenyewe kisa kizima, machozi yakimlengalenga, akaapa kwamba amekisikia kwa bibi yake. Mwalimu mwanzoni alicheka. Baadaye hakucheka. Baadaye tena akawa anakisimulia ukumbini kama abiria wanavyokitaka, kwa sababu Meneja alikuwa akikaa mstari wa mbele na kumkumbusha kwa vidole saba.

Mwaka huu ilikuja barua. Kamati ya bandari ilikuwa imetengeneza bamba la shaba lenye maneno ya kumkumbuka yule mke mwaminifu, litapachikwa juu ya kipandio cha saba, na wangefurahi mno kama Mwalimu, aliyeitangaza hadithi yao duniani, angekubali kulizindua. Meneja aliisoma barua mara mbili na kufurahi kama bibi harusi ni yeye. Akamnong'oneza Mwalimu kwamba kampuni inataka msemaji mkuu wa meli zake zote mbili, na kwamba mambo yakienda vizuri siku hiyo, basi kazi ni yake mpaka miguu ikatae. Mwalimu alifikiria lile kochi la nyumbani. Akasema atazindua.

Siku ilipofika alitangulia na mashua ya kwanza, saa mbili asubuhi, ili aone mambo yamepangwaje. Alimkuta fundi amechuchumaa kwenye kipandio cha saba, ana patasi, mwiko na karai la saruji. Mwalimu akamuuliza anafanya nini. Fundi akamwambia kuwa bamba limenyooka na jiwe lina shimo, sasa havikai pamoja, kwa hiyo atalichonga jiwe kingo, atajaza saruji, atasawazisha, ndipo alipachike. Saa tano wageni watakuta kila kitu kipo sawasawa kama meza. Alisema hayo kwa fahari, maana kazi ilikuwa nzuri.

"Mwalimu," sauti ikaita kutoka juu. "Karibu kwangu kidogo kabla hawajakuzonga."

Alikuwa mwanamke wa miaka sabini hivi, mwembamba, ana tita la funguo kiunoni. Watu wa pale walimwita Mama Funguo. Yeye ndiye aliyetunza ghala la zamani la forodha, ambalo siku hizi ni chumba cha maonyesho, ingawa abiria wengi walipita mlangoni wakikimbilia vitambaa. Kila mwaka alikuwa amemwona Mwalimu kwa mbali amezungukwa na watu, akaona haya kumsogelea. Hayo alimweleza wakiwa wanatembea, kwa upole, kama mtu anayeomba radhi kwa kosa lake mwenyewe.

Ndani mlikuwa na mizani kubwa ya kupimia magunia, ndoano za chuma, kamba nene zilizokakamaa, vikapu viwili vilivyosukwa kwa ukindu, na picha kumi na mbili za wapagazi wa bandari zimepigiliwa ukutani kwa mstari mmoja. Sakafu ilikuwa imefagiliwa muda huo huo. Mama Funguo alimpa Mwalimu kiti, yeye akakaa juu ya kreti, akaweka mikono magotini.

"Nina swali moja tu, na wewe ni msomi," alisema. "Ile habari ya mke wa baharia uliisoma kwenye kitabu gani?"

Mwalimu akauliza kwa nini anataka kujua. Ni swali la mtu anayetafuta muda, nyote mnalijua.

Basi akamweleza. Kabla ya winchi za kuinulia mizigo kuja, chumvi ya kisiwa ilipakiwa kwa mikono. Watu kumi na wawili walisimama kwenye ngazi, mmoja kila kipandio, na vikapu vikashuka kutoka mkono kwenda mkono mpaka majini. Kazi ngumu zaidi ilikuwa konani. Wengine wote walipokea na kutoa katika mstari ulionyooka, lakini yule wa saba alipokea kutoka juu, akageuka na mzigo wote kifuani, akautoa chini. Mguu wa kushoto unabaki pale pale, mwili ndio unaozunguka. Vikapu mia tisa kwa siku, chumvi inamwagika, inasaga jiwe chini ya unyayo. Kwa kuwa mgeuzaji akikosea kidogo kikapu kinaanguka majini na pengine mtu naye, nafasi hiyo haikupewa mtu wa kuokoteza. Ilikaa kwenye ukoo mmoja. Babu wa baba yake, babu yake, kisha baba yake, miaka thelathini na mmoja. Kisiwani walimwita Saba. Hata daktari aliandika Saba.

"Yule pale," alisema, akaonyesha picha ya saba ukutani. Mzee alikuwa bado kijana humo, kifua wazi, bega moja limepanda juu kuliko jingine kwa ile kazi.

Mwalimu aliitazama. Alikwisha kuona mambo yanakoelekea.

"Alikuwa anapenda kusimulia hiyo kazi," Mama Funguo aliendelea. "Hakuwa na kitu kingine cha kujivunia, hakusoma. Sasa mwaka ule mtembeza wageni alipoanza kusema habari za mke wa baharia, mimi nikamuuliza kaitoa wapi. Akaniambia ni mwalimu wa meli, amesoma vitabu. Baba alikuwa kitandani, ana miaka tisini na moja. Siku hiyo kuna wageni wamekuja kumwona, naye akaanza, kipandio cha saba, kipandio cha saba. Nikaona anatuaibisha. Nikamwambia mbele za watu: Baba, acha bwana, pale alisimama mwanamke, wasomi wamesema."

Akazichezea funguo.

"Akanitazama. Halafu akasema, kama wamesoma, basi wamesoma. Hakulitaja tena. Aliishi miezi minne mingine. Ndiyo maana nataka hicho kitabu, Mwalimu. Nikisome kwa macho yangu, nijue ni baba aliyetudanganya au ni mimi niliyemkosea."

Ulimi wa mwanadamu ni kitu cha ajabu. Wa Mwalimu ulikuwa tayari una jibu: kitabu cha zamani sana, hakipatikani tena, na hata hivyo vitabu hukosea. Maneno hayo yalikuwa yamepangana vizuri mdomoni, yangemtosha mama wa watu, yangelinda bamba la shaba, meli zote mbili na kazi ya mpaka miguu ikatae. Lazima tumwambie msomaji kwamba aliyafikiria. Alifungua mdomo kabisa ili ayaseme. Kisha akaliona lile bega lililopanda.

"Hakuna kitabu," alisema.

"Hata gazeti?"

"Hata gazeti. Niliulizwa, sikujua, nikatunga. Hapo hapo, nimesimama."

Alisubiri atukanwe. Ingekuwa nafuu. Mama Funguo akainuka, akachukua kikapu kimoja pale sakafuni, akamwambia amfuate. Kwenye ngazi alimwomba fundi apishe kidogo asimame kipandio cha sita. Yeye mwenyewe akashika cha nane, na Mwalimu akamweka katikati. Ndani ya kikapu alitia mawe mawili makubwa yaliyokuwa kando ya karai. Kisha akampa Mwalimu.

Mwalimu alipokea, mzigo ukamvuta kifuani, akageuka kumpa fundi. Hakuchagua aweke mguu wapi. Mguu wa kushoto ulitafuta wenyewe, ukaingia kwenye kibonyeo mpaka kisigino kikatulia, na alipozunguka aliona jiwe linauzungusha unyayo wake, limelika kwa mzunguko huo huo, pana mbele kwenye vidole, jembamba nyuma. Mtu anayesimama kutazama bahari ana miguu miwili. Pale palikuwa na mguu mmoja tu, na ulikuwa kazini. Mtoto wa darasa la nne angeyaona hayo kama angepewa nafasi ya kusimama hapo. Msomi alikuwa amepita juu yake miaka sita akiwa ameinua kidevu, anahutubia.

"Si unaona," Mama Funguo alisema.

Mwalimu akasema anaona. Akaanza kumwomba msamaha, maneno mengi, mazuri, kama alivyozoea. Mama Funguo akamkatiza.

"Mimi usiniambie. Kawaambie uliowaambia."

Saa tano gati lilijaa. Abiria mia moja na kitu, kamati imevaa suti, bwana wa kofia ya majani ana kitambaa cha kijani shingoni, bamba la shaba limefunikwa kwenye stuli, maana fundi tangu apokee kile kikapu hakuligusa tena jiwe, na Meneja anapanga watu kwa ajili ya picha. Mwenyekiti wa kamati alizungumza kwa kirefu juu ya uaminifu katika ndoa. Kisha kipaza sauti kikamfikia Mwalimu, naye akasema yote: kwamba mke wa baharia hakuwahi kuwepo, kwamba alimtunga yeye siku ya jua kali kwa sababu alishindwa kusema hajui, na kwamba jiwe lile lilisagwa na mpagazi aliyeitwa Saba na wazee wake waliomtangulia.

Watu wakacheka. Ndiyo, walicheka, wakapiga makofi, walidhani ni utani wa ufunguzi. Bwana wa kofia ya majani alisema kwa sauti kwamba Mwalimu ana masihara, yeye kaisikia kwa bibi yake. Meneja alikuwa anatabasamu, lakini macho yalikuwa yameganda. Unaona taabu yenyewe: siku aliyodanganya walimwamini kwa dakika nne, na siku anasema kweli hakuna anayetaka kuipokea.

Hakubishana nao. Alitazama pembeni akaona makatoni ya maji ya kunywa yanayosubiri kushushwa mashuani. Akawaomba abiria kumi na wawili wamsaidie kuyateremsha, mmoja kila kipandio. Wakashuka kwa vicheko, wakijua ni mchezo wa Mwalimu. Kwenye cha saba alisimama mama mmoja muuguzi mstaafu, mtu mwenye maswali kuliko wote melini. Katoni la kwanza likapita, la pili, la tano. Kufikia la nane vicheko vilikuwa vimepungua, maana kazi ilikuwa nzito. Yule muuguzi akasimama na katoni kifuani, akatazama chini.

"Mguu wangu umejiweka wenyewe," alisema.

Aliyekuwa nyuma yake akaomba ajaribu. Kisha mwingine. Mwenyekiti wa kamati alivua kiatu, na suti yake ile, akajaribu naye, akatoka pale hana hotuba. Fundi hakungoja aambiwe. Alibeba karai lake la saruji akaenda kuziba ufa kwenye ukuta wa choo cha bandari, akisema mfuko wa saruji ukishafunguliwa haumsubiri mtu. Bamba lilibaki kwenye stuli, limefunikwa. Watakalolifanya ni juu yao, na sitashangaa kama hadithi ya yule mke itaendelea kusimuliwa kwenye vibanda vya vitambaa, kwa maana vitambaa bado vipo.

Wakati wa kurudi Meneja alimwendea Mwalimu, safari hii bila kucheka. Alimwambia amalize visiwa vitano vilivyobaki, kisha kampuni itamshukuru kwa barua. Mwalimu alijibu kwamba ameelewa. Aliumia, tena sana, asingekuwa binadamu kama asingeumia, lakini si hilo lililompandisha tena mpaka ghalani huku mashua ya mwisho inampigia honi.

Alimkuta Mama Funguo amerudisha kikapu mahali pake na anafuta vumbi kwenye zile picha. Chumbani walikuwa wamejaa abiria kwa mara ya kwanza, wametoka muda si mrefu, na nyayo zao zilikuwa zimechafua sakafu yote. Mwalimu akasimama mlangoni. Akamuuliza, kwa sauti ya mtu asiye na kipaza sauti, kama amemsamehe.

"Wewe nimekusamehe," alisema. "Kukusamehe wewe siyo kazi. Wewe hukumjua."

Akamalizia picha ya sita, akafika ya saba. Alishika kitambaa, akasimama mbele ya lile bega lililopanda, na hakuifuta.

"Mimi nilikuwa naliona hili bega kila siku," alisema, na hakuwa akizungumza na Mwalimu tena.